Nyumba Nzima Darasa la Saba

Kama nawe una mtoto wa darasa la saba, sina la kukueleza. Unajua kwamba mwaka ule mkuu wa kaya si baba wala mama, ni mtahiniwa. Paja la kuku ni la mtahiniwa. Chumba chenye feni ni cha mtahiniwa. Mgeni akija anapokewa barazani ili asimsumbue mtahiniwa, na ukibanwa na kikohozi usiku unatoka nje, unakohoa, unarudi.

Mtahiniwa wetu mwaka jana alikuwa Neema, binti yangu wa kwanza, mtoto mpole anayependa kuimba na kusuka nywele za wenzake. Nyuma yake yupo Baraka, naye alikuwa darasa la nne, kwa hiyo mwaka mmoja tulikuwa na mitihani miwili ya taifa chini ya paa moja: wa darasa la saba Septemba na upimaji wa darasa la nne Oktoba. Wa mwisho ni kitinda mimba wetu wa miaka minne, tunamwita Afande, maana akisimama mlangoni hapiti mtu.

Mama yao ni Meneja. Jina hilo alilipata kwenye kamati ya harusi yetu wenyewe, alipowaondoa watu wa mapambo siku mbili kabla ya shughuli na kupamba ukumbi yeye na dada zake. Meneja hapendi kubahatisha. Matokeo ya moko ya mkoa yalipokuja Neema akiwa wa 41 kati ya watoto 160 na ushee wa darasa lake, Meneja hakupiga kelele. Alinunua manila, akachora ratiba kwa kalamu za rangi, akaibandika kwenye friji. Saa kumi na moja alfajiri, Hisabati. Saa moja usiku, Sayansi na Teknolojia. Jumapili baada ya ibada, Uraia na Maadili. Kila mtu wa nyumba ile alikuwa na mstari wake. Wangu ulisomeka hivi: "Baba: Maarifa ya Jamii, kuuliza maswali. Asisimulie hadithi."

Jioni hiyohiyo televisheni ilifungwa kwa kanga, ikabebwa kwa jirani. Nilijaribu kutetea walau taarifa ya habari ya saa mbili. Meneja akasema, "Baba Neema, habari utasimuliwa kazini." Mume mwenzangu, unajua mazungumzo ya aina hiyo huishia wapi. Sebule ikawa chumba cha kusomea, na kiti changu kikahamia barazani pamoja nami.

Kisha akaja Bibi.

Mama mkwe wangu anaishi Pangani, na kwa kawaida hatoki kwake bila msiba au harusi. Safari hii alishuka kituo cha mabasi cha Magufuli, hapa Dar es Salaam, na ndoo mbili za samaki wa kukaanga, akasema amekuja kusimamia mtihani. Barua hakuna, simu hakuna. Watoto wanamwita Bibi Mkaguzi, kwa sababu akiingia nyumba yoyote huanza kufunua masufuria. Kwa Bibi, akili ya mtoto iko kwenye kichwa cha samaki. Kila usiku mbele ya Neema kiliwekwa kichwa cha changu au cha kolekole, kimeungwa kwa nazi, na Bibi akikaa pembeni kuhakikisha kimekwisha. Neema samaki anakula, ila macho ya samaki hayawezi. Basi Bibi akigeuka kuchukua chumvi, macho yale yalivuka meza na kuingia kinywani mwa Afande, aliyekuwa akingoja amefumba macho yake mwenyewe.

Nilimwambia, "Mama, mtoto amekonda kwa mawazo, tumwache ale anachopenda." Akanijibu kwa upole wa Kipwani, "Mwanangu, mimi mtihani naujua."

Na anaujua kweli. Hili nalisema kwa heshima, kwa kuwa bila kulijua huwezi kumwelewa Bibi, wala huwezi kuelewa kwa nini nyumba nyingi za nchi hii zinahangaika vile inapofika Septemba. Bibi alimaliza darasa la nne mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zama zile shule ya msingi ilikuwa darasa la kwanza hadi la nne, na darasa la nne ndipo chujio lilipowekwa. Wachache waliovuka walikwenda shule ya kati, wengine wote waliambiwa asante. Anakumbuka mwembe waliosimama chini yake majina yaliposomwa. Anakumbuka gauni alilovaa. Jina lake halikusomwa, na kesho yake alikuwa shambani na mama yake, yeye aliyekuwa akiwasomea barua watu wazima wa mtaa mzima. Umri wake wote uliobaki uliamuliwa asubuhi ile, kwa karatasi ambayo hakuwahi kurudishiwa aone alikosea wapi.

Mwanawe wa kiume, shemeji yangu, ana yake pia. Tunamwita Shemeji Waya, fundi umeme mzuri kuliko wote ninaowajua Tabata nzima, ingawa kwetu hajawahi kurekebisha taa moja bila kuzima nyumba yote kwanza. Yeye alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1993. Alifaulu. Hakuchaguliwa. Kijana wa leo ukimwambia mtu alifaulu na hakuchaguliwa anakuona unachanganya mambo, lakini wakati ule hayo yalikuwa mambo mawili. Shule za sekondari za serikali zilikuwa chache, nafasi zikagawanywa, na watoto wenye alama nzuri kabisa walirudi nyumbani kwa sababu madawati yamekwisha. Mpaka mpango wa maendeleo ya sekondari ulipoanza mwaka 2004 na kata zikajengewa shule zake, hadithi ya Shemeji Waya ilikuwa hadithi ya karibu kila ukoo.

Sasa niambie, mtu kama Bibi, aliyekosa mwenyewe na kumwona mwanawe akikosa, utamwambiaje kuhusu mjukuu wake kwamba huu ni mtihani tu? Hasikii. Na Meneja ni binti yake.

Kule barazani nilikopelekwa kulikuwa na sanduku la vitabu vya marehemu baba yangu. Baba alikuwa mwalimu wa UPE, wale walioandaliwa harakaharaka miaka ya 1970 ili kila mtoto apate wa kumfundisha. Kwa kukosa televisheni nikaanza kupekua. Nikakuta kijitabu cha Mwalimu Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, cha Machi 1967, kimepigiwa mistari kwa penseli nyekundu. Mwalimu alisema elimu ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, isiwe tu maandalizi ya sekondari, maana watoto wengi hawatafika huko. Akataka pia mitihani ishushwe hadhi machoni pa serikali na pa watu. Nikafurahi mno. Nikaingia ndani na kijitabu mkononi kumsomea Meneja.

Alisikiliza hadi mwisho, hilo namshukuru. Kisha akasema, "Mwalimu namheshimu. Lakini hana mtoto darasa la saba mwaka huu." Akaniomba nimshikie ngazi abandike jedwali la kuzidisha juu ya mlango wa choo.

Jumamosi zote zilikuwa za mitihani ya kujipima. Shule ilitoza hela ya kudurufu, tukalipa. Ukaja mjadala wa kambi, kwamba watoto walale shuleni wiki za mwisho wasome usiku na mchana, kila mmoja aje na godoro, ndoo, mchele na maharage. Meneja alikwishanunua ndoo. Bibi Mkaguzi alisikia neno "kulala" tu akavua miwani. "Mtoto wa kike alale sakafu ya darasa, mama yake ana kitanda?" Mama na binti waliacha kusemeshana tangu Jumanne hadi Ijumaa, salamu zikipitia kwangu: mwambie mama chai tayari, mwambie mwanao chai sinywi. Mwishowe Neema akalala nyumbani, na ndoo akaoga nayo Afande.

Huyu Afande, nisipomsema nitakuwa nimekudhulumu. Tangu mwaka 2012 maswali ya kuchagua ya mtihani wa darasa la saba yanasahihishwa kwa mashine. Mtoto anapewa fomu yenye safu za viduara, A mpaka E, anaweka kivuli kwenye herufi ya jibu kwa penseli ya HB. Kusiliba huko ni kazi ya mkono kwelikweli. Neema alikuwa akifanya mazoezi mezani, nami nikimwangalia kutoka dirishani: penseli ameilaza kidogo, ncha inazunguka taratibu kuanzia ukingoni kuja katikati, wino wa herufi unamezwa na kivuli, na mkono unasimama kabla ya kuvuka mstari. Ukivuka, umechafua. Ukifuta kwa nguvu, karatasi inachubuka. Mtoto wa miaka kumi na mitatu, ulimi ameutoa pembeni ya mdomo, anajaza kiduara kama anayetia dawa kwenye jicho la mtoto mchanga.

Afande aliona, akaelewa kuwa hiyo ndiyo kazi ya nyumba hii. Penseli za HB zikaanza kupotea. Tukakuta kadi yake ya kliniki imesilibwa kila penye sifuri. Tukakuta risiti za umeme za LUKU, na kalenda ya ukutani, Ijumaa zote za mwezi wa nane. Pazia la sebuleni lilikuwa na maua ya mduara, na kote urefu wake ulikofika maua yalikuwa meusi. Kilele kilikuwa cheti chetu cha ndoa, ambacho mhuri wake, bahati mbaya, ni wa duara. Meneja akakusanya penseli zote zilizobaki, dazeni nzima mpya, akazichonga kwa wembe moja baada ya nyingine, akazifungia kabatini mpaka siku ya mtihani. Ufunguo akauweka mahali salama.

Usiku mmoja wa Agosti nikaamka kunywa maji, nikamkuta Neema amekaa kitandani gizani. Midomo ilikuwa ikicheza. Nilidhani anasali, kumbe anakariri namba yake ya mtihani, tangu herufi za mwanzo hadi tarakimu ya mwisho, kisha anaanza tena. Nikakaa. Akaniuliza, "Baba, nikifeli Bibi atarudi Pangani analia?"

Mzazi mwenzangu, swali hilo halikuwa la Hisabati wala la Maarifa ya Jamii. Mtoto alikuwa amebeba mwembe wa bibi yake, na nafasi ya mjomba wake, na ndoto za mama yake, na watu wazima sisi tulikuwa tukimwongezea vichwa vya samaki. Nikamweleza taratibu. Masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Ukifikisha 121 umefaulu, daraja C. Kuanzia 181 ni B. Kuanzia 241 ni A. Nikamwambia Bibi atakaa nasi na kula wali wetu vyovyote itakavyokuwa, maana Bibi akishaingia nyumba haondolewi na baraza lolote la mitihani. Akacheka. Kisha akasema neno lililonifungua macho: "Mimi Hisabati napata, Baba, ila sehemu sizijui. Huwa naotea."

Anapata, na anaotea! Nikaomba karatasi zake za Jumamosi. Kila moja ilikuwa na alama kubwa nyekundu juu, 29, 31, 28, na ndani hamna neno lolote. Piga hesabu nami: maswali 40 ya kuchagua, herufi tano. Mtu asiyejua lolote, akisiliba kwa macho yaliyofungwa, kwa wastani atapata manane. Mtoto anayejua mengine vizuri na kuotea yaliyobaki anaweza kupita mwaka mzima bila mtu kugundua shimo liko wapi. Na wengine shimo lao ni kubwa kuliko hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nchi hii iligundua kwamba maelfu ya waliochaguliwa kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Walikuwa wamefaulu. Siku hizi Hisabati ina pia maswali machache ya kuonyesha njia, na mimi naliunga mkono hilo kwa mikono miwili, kwa kuwa njia haioteki.

Mtaalamu wa kumsaidia hakuwa mbali. Jumamosi iliyofuata Shemeji Waya alikuja kufunga taa ya kusomea. Alizima nyumba yote, kama desturi yake. Friji ikanyamaza, Bibi akaita kutoka jikoni, Meneja akaanza kuhesabu dakika za ratiba zinazopotea. Kwenye mwanga wa dirisha shemeji akamwona Neema amekwama: theluthi mbili jumlisha robo. Alikuwa amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, akapata tatu ya saba. Na hiyo tatu ya saba ilikuwepo pale kwenye majibu, herufi B, imekaa inamsubiri. Watunga mitihani wazuri wanalijua kosa hilo, wanaliweka makusudi. Mwanafunzi akilichagua, amekuambia wazi anachokielewa vibaya. Hapo ndipo ninapouona mtihani kuwa kitu cha thamani sana, pale unapomwonyesha mwalimu kosa lilivyozaliwa. Ila Jumamosi zote zile hakuna aliyeangalia B. Kiliangaliwa kilichopatikana tu.

Shemeji hakusema chochote juu ya asili wala kiasi. Alikunjua waya sakafuni, akaupima kwa futi yake ya mkononi, mita 12. "Mjomba, mteja wangu anataka theluthi mbili iende chumbani. Nikate wapi?" Neema akafikiri, akatembea juu ya waya kwa hatua, akasimama kwenye mita ya nane. "Robo iende jikoni." Akaenda mbele mita tatu. "Umebaki wangapi?" Mmoja. "Mmoja kati ya ngapi?" Kati ya 12. "Basi umetumia?" Neema akatazama waya, akatazama daftari, akatazama waya tena. Kumi na moja ya kumi na mbili! Alipiga kelele hata Baraka akaacha daftari lake la Historia ya Tanzania na Maadili, lile somo jipya, akaja kutembea juu ya waya naye. Afande akaubeba mwisho wa waya na kukimbia nao uani, theluthi mbili ikaelekea kwa jirani.

Nilimtazama yule mtu, aliyefaulu mwaka 1993 akaambiwa hakuna nafasi, amepiga magoti sakafuni na koleo mfukoni, akifundisha sehemu vizuri kuliko karatasi zote tulizodurufu. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Hakusema kitu. Usiku ule kichwa cha kolekole kiliwekwa mbele ya Shemeji Waya.

Mtihani wenyewe ni siku mbili tu, Jumatano na Alhamisi. Jumatano nyumba iliamka saa tisa usiku. Meneja alitaka penseli. Kabati limefungwa. Ufunguo haukuwa mahali salama. Haukuwa pia chini ya godoro, wala ndani ya birika, wala kwenye viatu vya Afande, ambaye alihojiwa na kukana kila kitu. Shemeji Waya, aliyelala kwetu kwa tahadhari ya umeme, akaleta bisibisi na kuanza kufungua bawaba. Baraka anamulika kwa simu. Bibi ana chupa ya maji ya dua mkono mmoja na uji mkono mwingine. Mlango wa kabati ukaanguka, ukavunja beseni. Tukazipata penseli, dazeni kamili, zimechongwa hadi zinang'aa. Tukaita bajaji, tukajibana humo ndani, Bibi kamshika Afande, mimi nimening'inia pembeni, na bajaji imeshaondoka ndipo Meneja akauliza, "Neema yuko wapi?"

Neema alikwishaondoka. Aliondoka bawaba ya kwanza ilipotoka, akamfuata rafiki yake wa nyumba ya tatu, wakatembea pamoja hadi shuleni wakiimba. Penseli yake alikuwa nayo kwenye soksi tangu wiki iliyopita. Alijua nyumba aliyozaliwa.

Langoni hatukuruhusiwa kuingia, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Askari alikuwepo, wasimamizi walikuwepo, walimu wa pale wenyewe wamewekwa kando. Nalipenda sana jambo hili la mtihani wa taifa. Ndani ya chumba kile hakuna mtoto wa mkurugenzi wala wa mama ntilie. Mashine haijui Kiswahili cha Pangani wala viatu vya mtoto, inasoma namba na kivuli. Hatuna kipimo kingine chenye usawa huo, na anayetaka kuufuta mtihani kabisa naomba anieleze kwanza mtoto wa maskini atatambuliwa kwa njia ipi. Tanzania Bara nzima, siku moja, swali lilelile, Kakonko na Masaki.

Dazeni ya penseli haikupotea bure. Watoto walikuwa bado wanaingia, na mmoja, kijana mwembamba mwenye shati lililopauka, alikuwa akipapasa mifuko huku ameanza kulengwa na machozi. Bibi akamwona. Akampa penseli, akampa maji ya dua, akamwambia "nenda mwanangu". Akaja mwingine. Meneja akaziachia zote. Binti na mama walisimama pale langoni wakigawa penseli za HB mpaka askari akawaomba kwa heshima wasogee.

Matokeo yalipotoka Neema alikuwa na wastani wa B. Hisabati nayo B. Meneja alisoma mara kadhaa, akakaa, akavua kilemba, akalia kidogo, kisha akauliza kama nimekwisha kumpigia jirani kuhusu televisheni. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora mwanzoni mwa 2023, na wengi tulishukuru, lakini kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kuna Shangazi Redio, ambaye kabla ya saa sita mchana alikuwa ameomba matokeo ya watoto wote wa ukoo "ili tujue nani wa kwanza". Meneja, niliyemtarajia awe wa kwanza kutuma, aliandika: "Wote wamefaulu, Shangazi. Shikamoo." Akaizima simu.

Bibi hakutaka kusikia B wala C. Alitaka kujua jambo moja, amechaguliwa? Nikamwambia siku hizi waliofaulu wote wanapangiwa shule. Hakuridhika. Majina ya waliopangiwa yalipobandikwa aliniamuru nimpeleke. Alisogea ubaoni, akapitisha kidole kwenye orodha mpaka alipolipata, na akanitaka nilisome kwa sauti, watu wasikie. Nikalisoma, majina yote matatu. Akaniambia nirudie.

Amani haikudumu. Sekondari karibu kila kitu ni kwa Kiingereza, na binti aliyejua usanisinuru kwa Kiswahili safi anatakiwa aujue upya kwa lugha nyingine. Hilo linanisumbua kuliko mtihani wowote, na siku moja nitaliandikia peke yake. Meneja amekwisha kulitungia amri: saa moja hadi saa mbili usiku, Kiingereza tu. Bibi, ambaye bado yuko, saa hiyo huamua kwenda kulala.

Na Baraka? Darasa lake lilianza na mtaala mpya mwaka 2024 wakiwa la tatu. Kwa sera mpya elimu ya msingi inaishia la sita, kwa hiyo mwaka 2027 yeye atamaliza pamoja na walio mbele yake, wale wa mwisho wa darasa la saba, na Januari 2028 madarasa mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa mpigo. Sisi wazazi wa kundi hilo tuna la kuuliza kuhusu vyumba, madawati na walimu, na ni sasa, si Desemba ya 2027.

Mimi nimeanza na dogo. Nilikwenda kwa mwalimu wake wa Hisabati, nikamwomba kila jaribio la Baraka lirudi nyumbani na maswali aliyokosa, na herufi aliyoichagua badala ya jibu. Ana watoto zaidi ya mia darasani, kwa hiyo sikutegemea mengi. Alifikiri kidogo, akasema atawaachia karatasi zao, wazazi tuangalie wenyewe, na kila mwisho wa mwezi tumletee kosa linalojirudia alifundishe darasani. Niliporudi nikakuta Meneja ameshapewa habari na Baraka. Manila mpya ilikuwa kwenye friji, Ijumaa usiku imeandikwa "Makosa: Baba na Mjomba", na televisheni ilikuwa inafungwa kanga.